Pigo la Kandambili

Jumanne, siku ya kufua mashuka
(Tarehe 3 Juni. Tarehe nimeiongeza mimi fundi. Barua bila tarehe ni shati bila kola.)

Mume wangu mdogo,

Umepotea. Sisemi umechelewa, nasema umepotea, kama sindano kwenye zulia: tunajua imo humu ndani, lakini haionekani mpaka imchome mtu. Mara ya mwisho ulipokuja, paka wa jirani alikuwa na mimba. Sasa watoto wake nao wana watoto, na wote huja kuniamkia kila asubuhi. Wewe uliyelelewa kwa sabuni na maneno, umeshindwa na paka.

Usiniambie nipige simu. Simu nimemrudishia shangazi yako. Kila nikianza kukukemea unasema, "Bibi, sikusikii, mtandao." Barua haina mtandao. Utayasikia yote, na ukimaliza unaweza kuanza tena juu.

Anayeandika ni fundi cherehani wa mlango wa pili, yule uliyemmezea kifungo ulipokuwa mdogo. Kalamu hainijui na mimi siijui, ila maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapige pasi. (Mimi fundi nathibitisha. Kile kifungo kilikuwa cha koti la bwana harusi, na harusi ilikuwa kesho yake.)

Sasa sikiliza. Shangazi yako amekuja hapa anasema mjukuu wangu anapiga ngoma. Nikasema vizuri, mikono ipate kazi. Akasema, lakini hapigi ngoma. Nikamuuliza, anapiga au hapigi? Akasema anapiga bila kupiga, kwa kompyuta. Nikampa kiti na maji ya kunywa, nikamwambia apumzike.

Mtaa mzima nimewaambia wewe ni daktari wa kompyuta. Wakiniuliza niseme nini, kwamba mgonjwa amemfundisha daktari ngoma?

Eleza. Na ule ushibe.

Bibi yako


Tarehe 12 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Kwanza nisamehe. Pili nakuomba, usiandike tena "Kwa mume wangu" juu ya bahasha. Barua zinafikia dukani, hapa ninapotengeneza kompyuta, na wenzangu wote sasa wananiita shemeji.

Shangazi hajadanganya. Jioni niko na bendi, nawafungia nyaya na spika. Tunapiga muziki wa roki, yaani magitaa makali, mtu mmoja mbele analalamika kwa sauti, na nyuma yao ngoma zinazowasukuma wote kama gari lililozima. Kiongozi wetu ni binti tunayemwita Radi, ndiye anayeimba na kupiga gitaa. Mpiga ngoma wetu alituacha, akabeba ngoma zake zote. Sasa anauza magodoro. Anasema alitaka kazi isiyo na kelele.

Kuna ukumbi mkubwa umekubali kusikiliza wimbo wetu. Wakiupenda, tunapanda jukwaani kwao. Lakini wimbo wa roki bila ngoma ni suruali bila mkanda. Na Radi ameapa hataki ngoma za mashine. Alisema atakayemletea mashine atatoka pamoja na mashine yake. Bibi, mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema kuna mtu namjua, mpiga ngoma hodari, ila ana haya, hapendi kuonekana.

Hakuna mtu. Ni mimi na kompyuta.

Inakuwa hivi. Kwenye kioo kuna vyumba vidogo vidogo kama madirisha ya ghorofa. Ndani ya kompyuta kuna sauti za ngoma halisi, zilirekodiwa pigo moja moja. Nashika kipanya, nabonyeza dirisha: hapa ngoma ya teke, ile kubwa ya kupigwa kwa mguu, hapa ngoma ya kati, ile kavu inayosema ta, hapa matoazi. Nikishapanga, zinapiga zenyewe.

Nilimpelekea Radi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Huyu mtu wako yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akasema, "Basi mwambie apumue."

Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikishindwa, wimbo hauendi. Akigundua ni mimi, mimi ndiye ninayekwenda. Na bendi hii, Bibi, ndiyo kitu pekee huku kinachonifanya nisahau kwamba nimepanga chumba kisicho na dirisha. Tafadhali usimwambie mtu.

Mjukuu wako


Jumamosi, siku maji yalipokatika
(Tarehe 21 Juni.)

Mume wangu mdogo,

Bahasha imeandikwa vilevile. Bahasha ni yangu.

Usimwambie mtu, umesema. Fundi alinisomea barua yako kibandani kwake, na mama aliyeleta gauni lipunguzwe alikuwa amekaa pale, yeye na mumewe. Wote wameapa watanyamaza. Mama yule anakushauri uoe.

Umesema unapiga ngoma kwa kipanya. Fundi amenieleza kwamba siyo yule wa kula unga. Sawa, nilikuwa nimeshaanza kukutafutia mtego.

Kuhusu uongo sitasema mengi. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe miguu yako mirefu, utafika mwisho wake upesi. Umezaa mtu mzima kwa mdomo. Basi mlee.

Ila hilo la kupumua nimelifikiria, maana maji yamekatika na sina la kufanya. Unakumbuka bafu letu, moja kwa vyumba vyote? Ulikuwa ukiingia humo kama mtu aliyehamia. Watu wamejipanga na ndoo, wewe unaimba. Nilikuwa nakuja kukugongea. Pigo la kwanza kwa kiganja, taratibu, maana bado nakupenda. La pili kwa nguvu, maana maji ni ya wote. Halafu nakaa kimya nisikie kama unajifuta. Hujifuti. Basi vidole vinagonga vyenyewe, tiki tiki tiki, siyo kwa ajili yako, ni hasira zangu zinatafuta pa kukaa. Kisha nainama nivue kandambili, na goti langu halipendi kuharakishwa, kwa hiyo pigo la kandambili lilikuwa linachelewa. Lakini likifika, unafungua.

Sijawahi kukugongea mara mbili sawasawa. Anayegonga sawasawa ni msoma mita, kwa sababu hamjui aliyemo ndani wala hamtaki. Huyo mtu wako wa kompyuta anamgongea nani? Mwambie kwanza ni nani aliyemo bafuni, ndipo aanze kugonga.

(Mimi fundi: ule mlango wa bati mpaka leo una shimo la kandambili. Wageni huuliza.)

Ule.

Bibi yako


Tarehe 27 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Keti kwanza.

Nilipopata barua yako nilichukua miiko miwili, nikakaa kitandani, nikajaribu kupiga kwa mikono yangu kile nilichokuwa nimekipanga kwa kipanya. Haikuwezekana. Kumbe nilikuwa nimempa mtu wangu mikono mitatu. Mmoja kwenye ngoma ya kati, mmoja kwenye toazi dogo, na wa tatu sijui aliutoa wapi, uko juu ya toazi kubwa. Jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Nikamsikiliza. Hata yeye hakugonga mara mbili sawasawa.

Nikaukata mkono wa tatu. Kisha nikafunga macho, nikaingia bafuni.

Mapigo yalikuwa yamelingana kama meno ya bandia, nikayavuruga. La kwanza nikalilegeza, la pili nikalikaza. Katikati nikatia yale ya vidole, madogo sana, ambayo mtu hajui kama anayasikia, ila ukiyaondoa anauliza kimeharibika nini. Tulipokaribia kiitikio nikaharakisha kidogo, maana ndipo ulipokuwa unaishiwa subira. Na pigo la kandambili nikalisogeza nyuma, unywele tu, goti lipate kuinama. Kazi nzima nikaipa jina: Ngoma za Bibi.

Radi alisikiliza amekunja mikono na uso wa mtu aliyekuja kudai. Mguu wake ndio uliomsaliti. Wimbo ulipokwisha akasema, "Huyu mtu amewahi kungoja."

Kisha akaona jina kwenye kioo. "Bibi?"

Nikasema ndiyo.

"Bibi yako?"

Nikasema ndiyo, Bibi yangu, ndiye mpiga ngoma wangu, yuko nyumbani, magoti yanamsumbua. Nisamehe, Bibi. Uongo wangu sasa umevaa magoti yako. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza kama huwa naenda kukuona. Nikasema siku nyingi sijaenda, kazi. Akaniangalia kana kwamba nimekanyaga paka.

Ukumbi wameupenda wimbo. Tunapanda jukwaani Jumamosi ya mwisho ya Julai, na wanataka kumwona mpiga ngoma. Ilipaswa tufurahi. Lakini Radi alichukua bahasha yako mezani kwangu, akaisoma juu, akaigeuza akaisoma nyuma, akairudisha polepole kama sahani ya moto. Tangu siku hiyo hanisalimii. Sijui nimemkosea nini.

Mjukuu wako


Tarehe 1 Julai

Dada yangu,

Salamu. Hatujuani. Mimi ni kiongozi wa ile bendi ya mumeo. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha. Ndani sikufungua, nina adabu zangu, lakini juu imeandikwa "Kwa mume wangu" kwa herufi kubwa, na macho hayana kitasa.

Najua mambo ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Lakini dada, nimeshindwa kulala nayo. Mumeo yuko nasi siku nyingi, anakula nasi, anacheka nasi, na hajawahi hata siku moja kutamka kwamba ana mke. Nilimtania mwenyewe, nikamwambia wewe hata sufuria huna, utamwoa nani. Akacheka. Wala hakusema. Na mke mwenyewe magoti yanamuuma, yuko peke yake, na haendi kumwona.

Nilipoisikia kazi yako, kabla sijajua ni yako, nilisema mtu huyu amewahi kungoja. Lile pigo linalochelewa, nililijua hapohapo. Huyo ni mwanamke aliyesimama nje ya mlango, na aliyemo ndani hataki kufungua. Sasa najua aliyemo ndani ni nani, nakaa naye kila jioni.

Nakuomba uje upige mwenyewe, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Kiti kirefu kitakuwepo kwa ajili ya magoti. Nataka nikutaje mbele ya watu, wajue ni mikono ya nani. Na kuhusu yeye, sema neno moja tu, nimtoe au nimwache. Neno lako ndilo litakalokuwa.

Samahani kama nimevuka mpaka.

Mimi nduguyo,
Radi


Jumanne, mashuka hayakukauka
(Tarehe 8 Julai.)

Mwanangu Radi,

Umeniita dada. Nilimwambia fundi asome hapo mara mbili, kisha nikachukua kioo nikajitazama, nikaona haina ubaya. Baadaye nikainuka, goti likanirudisha kwenye umri wangu.

Mimi si mke wake. Mimi ni bibi yake, mama wa mama yake. Kumwita mume ni utani wetu. Siku aliyozaliwa nilimtazama nikasema, haya, nimepata mume asiye na meno, na mimi yangu yanahama, tutaelewana. Mume wangu wa kweli alishatangulia, Mungu amweke pema, na huyo hata redio alikuwa anaizima kwa kuipiga kofi. (Mimi fundi nimecheka mpaka wino umemwagika. Doa hilo ndilo.)

Basi unione vizuri: mwanamke mmoja mzee, magoti mawili mabaya. Wala sijawahi kupiga ngoma. Nimepiga mlango. Mlango wa bafu, kwa kiganja na kandambili, na aliyekuwa ndani alikuwa yeye, ana povu kichwani, anaimba.

Mpiga ngoma hayupo. Ni yeye mwenyewe aliyepanga yote kwa kile kipanya. Najua umeapa mashine na mwenye mashine watoke pamoja. Aliniomba nisimwambie mtu, na nimejitahidi, mtaa huu tu ndio unaojua. Lakini umeniweka kwenye kiti cha hakimu, na mimi nikikaa kwenye kiti sikai kwa upande mmoja.

Alikudanganya. Hilo ni lake, na likimkosesha raha kidogo sitampelekea blanketi.

Lakini wewe ulisema umemsikia mwanamke aliyesimama nje ya mlango. Hukukosea, mwanangu. Nilikuwa nimesimama. Mashine ingelijuaje goti langu? Mashine haijui hata inamgongea nani. Nilikuwa nikidhani yule mtoto anaimba tu humo ndani, hanisikii, ana maji masikioni. Kumbe alikuwa anasikiliza kila pigo, mpaka lile la vidole ambalo hata mimi sikujua nalipiga kwa sauti. Nimekaa na barua zenu hapa nikafikiri, kumbe sikuwa nagonga bure.

Kwa hiyo neno langu ni hili: mwache. Ila usimwambie kwamba unajua. Aseme kwa mdomo wake kabla hamjapanda huko jukwaani. Akisema, ni mtu, mwache apande. Asiposema, nirudishie. Mlango upo na kandambili ninazo.

Na wewe unakula? Barua yako ina sauti ya mtu aliyekunywa chai tangu asubuhi akaita chakula.

Bibi yako pia, kuanzia leo


Tarehe 28 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Kama unasikia makelele, ni masikio yangu, bado yanalia tangu Jumamosi.

Mwezi huu Radi alinitesa kwa upole. Alianza kunisalimia tena, nami nikadhani nimeokoka. Kumbe. "Bibi anapenda kiti cha namna gani?" Nikasema chochote. "Atakuja na viatu gani?" Nikasema sijui. "Tumwekee maji ya moto ya kukanda magoti?" Kila jioni swali, na kila swali nalijibu kwa uongo mpya, mpaka nikawa siukumbuki wa jana. Nilishamwambia unakuja kwa treni, tena kwa basi. Akaitikia yote mawili.

Jumamosi mchana tuko ukumbini, tunatandaza nyaya, akaja na mto. Mto mpya, una maua, ameununua kwa ajili yako. Akauweka juu ya kiti, akaupigapiga ukae vizuri. Hapo nikashindwa. Nikamwambia mbele ya wote: hakuna anayekuja, hakuna mpiga ngoma, ni mimi na kipanya, Bibi hana kosa. Nikaanza kukunja nyaya zangu niondoke.

Akaniuliza, "Na mke wako?"

Nikasema, "Mke gani?"

Akakaa juu ya spika akacheka mpaka akashika mbavu. Nilisimama pale na nyaya mkononi kama mtu aliyekuja kutengeneza taa. Kisha akafuta macho akasema, "Kunjua. Mashine ni ile isiyojua inamgongea nani. Nenda ukakae kwenye mto."

Hatukuwa na meza. Nilipanga kompyuta juu ya ubao wa kupigia pasi, mto wako chini yangu. Radi akatangaza, "Na kwenye ngoma, Bibi." Watu wakapiga makofi, taa ikanimulika. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Bibi gani huyu ana ndevu?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikabonyeza. Likatoka la kiganja, taratibu. Likatoka la pili. Na lilipofika la kandambili, Bibi, mstari wote wa mbele uliruka nyuma, watu wazima, kama wana sabuni machoni.

Nimebaki kwenye bendi. Lakini yale maneno ya kumgongea mtu nayajua yanatoka mdomo gani. Ulimwambia nini?

Mjukuu wako


Jumanne, mashuka yamekauka mapema
(Tarehe 5 Agosti.)

Mume wangu mdogo,

Nilichomwambia ni cha wanawake wawili na fundi. (Na mama wa gauni.)

Umesema kweli kabla ya kubanwa. Vizuri. Nimekula vizuri siku hiyo niliposomewa. Lakini usijione umemaliza. Ukumbi mzima umezisikia ngoma zangu, wamerushwa nyuma, na mimi mwenyewe sijazisikia. Hapa wananiuliza, eti zinaliaje? Nawajibu, nendeni mkaoge, mtajua.

Mje mwisho wa mwezi huu. Kompyuta iache hukohuko, hapa hakuna mgonjwa. Radi atatangulia mbele, mikono mitupu, wewe nyuma na mizigo. Na ule mto uje, umenunuliwa kwa jina langu, usizidi kuukalia. Mlango wa bafu usijaribu kuutengeneza, nimeshawakatalia wawili.

Ukifika, usipaze sauti kubisha hodi kama mgeni. Gonga. Kiganja kwanza, taratibu. Kisha kwa nguvu. Unyamaze. Vidole. Halafu inama uvue kandambili. Mimi nitakuwa ndani nimekaa, nasikiliza. Likija sawasawa, sifungui, nitajua ni msoma mita. Likichelewa pale mahali pake, nitajua ni mume wangu.

Nami nitachelewa kufungua, unajua goti. Usiondoke.

Bibi yako, mpiga ngoma